Klachi Niliyoifungua Mwenyewe

Rashi ya dhahabu ilipoanza na watu wakamiminika kuchimba, kila mtu kijijini Nyambureti alikuwa na mpango wa kutajirika. Wangu ulikuwa mzuri kuliko yote kwa sababu haukuhitaji kushika sururu. Niliuza ng'ombe wawili, baba akaninunia mwezi mzima, nikanunua pikipiki iliyokwisha kutumiwa na watu watatu kabla yangu. Nikawa nabeba wachimbaji na viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, hadi barabarani. Nilivaa miwani ya jua hata siku za mvua. Mtu akiniuliza habari za injini nilimjibu kwa kirefu, maana niliwahi kukaa kwenye benchi la fundi nikisubiri anizibie pancha, na kwangu hiyo ilitosha kuwa shule.

Klachi ilianza kuteleza kwenye mlima wa machimbo. Nilikuwa nimempakia mama mmoja aliyeuza chai na chapati kule juu, ndoo ya unga ikiwa mapajani mwake. Nikivuta mafuta, injini inalia kwa nguvu, lakini tairi linazunguka polepole kama haliusikii ule mlio. Mama akanigusa begani, akaniita kijana kwa Kikurya.

"Mura, nishushe."

"Vumilia mama, inapasha moto."

"Nina unga wa kukanda. Nishushe."

Akashuka, akajitwika ndoo, akaanza kupanda kwa miguu. Nilimfuata na kelele zangu zote, na alifika juu kabla yangu. Wachimbaji waliotuona hawakucheka. Waligeuka tu wakatazama upande mwingine, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Tarime kutafuta pleti za klachi. Katika duka la spea nilimkuta dada mmoja nyuma ya kaunta.

"Umekuja na za zamani tulinganishe?" akaniuliza.

"Dada, mimi ni fundi."

"Sawa. Injini ni cc ngapi?"

Sikujua. Lakini fundi hawezi kusema hajui, kwa hiyo nikataja mia na hamsini, kwa kuwa ilisikika ya kiume. Akanifungia pleti tano nyeusi, nikarudi nazo nimezikumbatia safari nzima.

Nyumbani nilivaa shati jeupe, ili watakaopita waone kazi inafanyika kwa usafi. Nikafungua bolti za kava la upande wa kulia, nikalivuta. Oili yote, ambayo sikukumbuka kuimwaga kwanza, ikanishukia kifuani. Nilipomaliza kujifuta, nikatoa pleti za zamani, nikajaribu kuingiza mpya. Zilikuwa kubwa. Nilizigeuza, nikazipaka oili, hata nikazipiga kidogo kwa ubao. Hazikupungua.

Nikarudi Tarime na pleti za zamani kwenye mfuko. Yule dada hakunisema neno baya. Alizipima kwa macho, akaleta za cc mia na ishirini na tano.

"Karibu tena, fundi," akasema. Hadi leo sijui kama alinikejeli.

Safari hii ziliingia. Kazi ni kuzipanga kwa zamu, nyeusi moja, ya chuma moja, mpaka ziishe. Nilipofunga springi ya mwisho ya kuzibana nikaona pleti moja ya chuma imebaki juu ya gunia. Nikafikiri kwa muda, nikaamua kwamba kiwanda kilikuwa kimeweka ya akiba. Nikaitia mfukoni, nikafunga kava, nikajaza oili, nikaondoka kwenda machimbo.

Pikipiki ilikwama palepale ilipoteleza mwanzo, injini ikilia vilevile. Niliisukuma mpaka juu, jasho likinitoka, na mtu wa kwanza kuniona alikuwa yule mama wa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umebadilisha pleti?"

"Nimebadilisha mwenyewe."

"Za chuma umerudisha ngapi?"

"Tatu."

"Zilikuwa tatu?"

Nikatoa ile ya nne mfukoni. Alifuta mikono kwenye khanga, akaomba spana kwa mchimbaji mmoja, akanielekeza tuilaze pikipiki upande wa kushoto ili oili isimwagike. Hilo peke yake lingeliokoa shati langu. Kisha akachuchumaa, akatoa kava, akaanza kufungua springi.

"Mume wangu alikuwa fundi Musoma," akasema bila kuinua uso. "Macho yalipomharibikia, yeye alikuwa anaongea, mimi nafungua. Miaka sita, mpaka Mungu alipomchukua."

Alizitoa pleti zote, akaziloweka kwenye sufuria yenye oili safi huku akiendelea kugeuza chapati zake. Aliporudi alizipanga, nyeusi ikaanza na nyeusi ikamaliza, na kila ya chuma ikapata nafasi yake. Wachimbaji walikuwa wamekwisha kusogea na vikombe vyao. Mmoja akauliza kama anaweza kumwangalizia na ya kwake, inagoma gia.

"Subiri nimalize ya fundi," akajibu.

Sasa wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana sikuwa na pa kujificha. Niliiwasha, nikashuka mlima na kuupanda bila kelele. Kuanzia juma lile foleni kwenye kibanda chake ilikuwa ya pikipiki zaidi kuliko ya chai, na chapati zikawa zinakandwa na mdogo wake. Mimi nilipewa kazi ya kushika kava, na nilikatazwa kugusa springi.