Udongo Wetu Uliposhushwa Bondeni

Mdachi wa kupima udongo alipopanda kwetu, mama yangu alimpokea vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Shamba lilikuwa la ukoo wa mama, kama ilivyo desturi yetu Waluguru: migomba kwenye mteremko, juu ya mji wa Morogoro. Mdachi alikuja na mkalimani, na chuma kirefu alichokizungusha ardhini. Akachomoa udongo, akaunusa, akautia kwenye vifuko. Mama akamkaribisha ndizi mbivu. Alipoulizwa wapi migomba inazaa na wapi maji hutuama, alijibu yote bila kuficha. Alidhani anamsaidia mgeni.

Baadaye tuliitwa bondeni, kwenye shamba la michungwa la mzungu mwingine. Miti ilikuwa imedumaa, majani ya manjano. Mdachi wetu alikuwa ametandaza ramani mezani. Mkalimani akatueleza: palipopakwa njano udongo una njaa, ndipo ilipo michungwa, palipopakwa kijani umeshiba. Akaweka kidole kwenye kijani. Lilikuwa shamba letu.

"Kila nyumba ya juu italeta samadi ya mbuzi hapa," akasema jumbe, msimamizi wa kijiji chetu aliyewekwa na Wadachi. "Ni amri."

"Na migomba yetu tuipe nini?" mama akauliza.

"Yenu imeshiba, mama," jumbe akajibu. "Ramani imesema."

"Imeshiba kwa sababu tunailisha!"

Hakuna aliyemtafsiria Mdachi maneno hayo.

Tukabeba samadi. Mama shingo ikamkaza hata akawa hawezi kugeuka. Siku moja nikasema basi. Nikawaswaga mbuzi wetu wote hadi Mgeta, kwa mjomba. Askari walipokuja wakakuta zizi tupu. Wakamchapa mume wangu viboko mbele ya watoto wetu, kwa mbuzi ambao hata hawakuwa wake.

"Mbuzi wasirudi," akaniambia tu, akalala kifudifudi.

Ndipo askari wakaja na majembe. Kama samadi hakuna, walisema, udongo wenyewe utashuka. Wakatusimamia tukichimba chini ya migomba yetu, ule udongo mweusi, tukaujaza kwenye matenga na kwenda kuumwaga mashinani mwa michungwa. Nilitema mate katika kila tenga.

Masika yalipofika, maji yaliingia kwenye mashimo yale, yakafanya korongo, migomba ikaanguka na mizizi yake. Bondeni michungwa ikapata rangi, ikazaa. Watu husema yule Mdachi alikuwa hodari wa kazi yake. Alikuwa. Ramani yake haikukosea. Ilijua barabara pa kuchukua na pa kupeleka.

Mama aliomba kipande kingine kwa ndugu zake, juu kabisa kwenye baridi, mahali migomba haistawi. Tukapanda maharage. Kila jembe langu lilipogonga mwamba nilimlaani jumbe kwa sauti, na mume wangu hakuninyamazisha.