Siku Niliyoifanya Sufuria ya Pilau Kuwa Koni

Mtanicheka, na mcheke tu, maana hata binti yangu Wakesho, ambaye ni nesi na ameona aibu za watu za kila namna, siku ile alishindwa kuniangalia usoni kutoka Woodbridge mpaka tukafika nyumbani Temple Hills. Mimi shule niliiachia darasa la tatu nikaenda kuwa taniboi wa malori, kwa hiyo msitegemee maneno yaliyonyooka, nitapinda huku na huku lakini tutafika.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho wa tisini, Wakesho amenileta Amerika nimwangalilie wajukuu (na kuangalia wajukuu ni kazi, msidanganyike, unawasemesha Kiswahili wanaelewa chote halafu wanakujibu Kiingereza cha puani). Sisi watu wa milima ya Taita tulikuwa na chama chetu pale kanisani Woodbridge, na chama kilikuwa kimekubaliana kuipelekea zahanati ya nyumbani pikapu ya kuteremshia wagonjwa, maana barabara ya kwetu ni kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu kabisa, ni hewa tu, na mama akishikwa na uchungu usiku au mchana alikuwa anateremshwa kwa machela. Binti ya dada yangu Mshai alikuwa na mimba changa wakati huo. Kwa hiyo kwangu mimi ile pikapu haikuwa habari ya mkutano tu.

Sasa ikawa ni ipi iende. Shemasi Mwadime, mtu mwema, fundi wa mabomba, alikuwa na pikapu yake ya Kiamerika ya kijani, kubwa, boneti pana kama kitanda, akasema ataitoa bure. Mimi nikasema hapana, tuagize iliyotengenezwa Thailand. Mtaniuliza mzee wa darasa la tatu mambo ya Thailand ameyajulia wapi. Chini yetu kwenye fleti tulizokaa alikaa Somchai, Mthai, mpishi wa hoteli, Kiingereza chake kibovu na changu kibovu zaidi, ndiyo sababu tulielewana vizuri. Kaka yake alikuwa na gereji Bangkok, akamtumia gazeti la magari ambamo wataalamu wa huko walichukua pikapu tatu wakazikimbiza kwenye maji, wakazipitisha katikati ya koni tano, zile za plastiki za barabarani, kama nyoka, wakazigongesha ukutani kuona nani angepona ndani, halafu wakaandika. Somchai akanisomea ukurasa kwa ukurasa, siku tatu, huku akinionyesha kwa mikono, na mimi nikalikariri gazeti zima kama katekisimu.

Basi Jumamosi ya kura ikafika, hema limesimamishwa kwenye uwanja wa magari wa kanisa, meza zimetandikwa, watu wapige kura kisha wale. Nilikuja na Somchai kama shahidi wangu. Nikasimama na gazeti langu nikawaambia hii nyekundu injini yake ni ya moto, mlima inaupanda kama imeitwa juu, lakini ukikata kona kwa haraka mkia unakwenda kwa akili zake. Hii ya buluu inakaa barabarani vizuri ila ilipogongeshwa ukutani usukani ulimfuata dereva kifuani. Na hii nyeupe injini yake ya dizeli inanung'unika kama mzee aliyeamshwa usingizini, haina mbio, lakini ukikanyaga breki kwenye maji inasimama imenyooka, na kibanda chake hakikuvunjika. Nikasema nyeupe. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Laiti ningeketi hapo.

Shemasi akainuka, akasema bila hasira, "Baba Wakesho, hizo ni picha. Gari yangu ile pale, ina magurudumu na ina mafuta. Wewe umeiona wapi ikiyumba?"

Watu wakacheka, na kile kicheko kikaniingia, maana nimeendesha lori miaka thelathini na sijawahi kulala mtaroni (mara moja tu, na kosa lilikuwa la punda). Nikamwambia, "Lete ufunguo nikuonyeshe."

Nikaagiza koni zipangwe kama za gazetini. Kanisa lilikuwa na koni nne. Zinatakiwa tano. Na pale mwisho wa mstari Mama Mkamburi, mkuu wa jiko letu, alikuwa ametua chini sufuria yake kubwa ya pilau ipumzike imefunikwa. Nikasema basi, iacheni hiyo, ndiyo ya tano. Hapo ndipo nilipoharibu. Yote mengine yalifuata yenyewe.

"Baba Wakesho," akasema Mama Mkamburi, "hicho ni chakula cha watu sitini."

"Mama, sitaigusa hata kwa kivuli."

Nikaenda kwa mwendo wa madereva, nikafungua mlango wa kulia, nikakaa, nikatafuta usukani, hakuna. Uko kushoto, kama magari yao yote. Nikajifanya napekua kijisanduku cha mbele, nikashuka, nikazunguka. (Nilikuwa sijashika gari tangu nije, Wakesho alinikataza, lakini huu ulikuwa uwanja wa kanisa, si barabara.)

Nikaondoka. Koni ya kwanza kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, nikasikia watu wanapiga kelele, nikadhani wananishangilia, nikatoa mkono dirishani kuwapungia. Kumbe kila koni ya kulia ilikuwa imelala chini. Mtu aliyezoea kukaa kulia anajua gari yake inaishia pale kiwiko chake kinapoishia, na mimi upande wa kulia nilikuwa na gari nzima ambayo sikuwa na habari nayo. Ya nne kushoto nikaipita safi. Ya tano ilikuwa kulia.

Ile sauti sitaisahau. Nikashtuka, mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta klachi, na gari ile haina klachi, pale pana breki pana kama kiatu, basi ikasimama ghafla juu ya pilau. Mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nikarudi nyuma. Sufuria ikawa imenasa chini ya gari, ikaja nami, ikilia kwenye lami, ikimwaga wali mstari mmoja ulionyooka kama ninapanda mpunga Virginia, mpaka nikaigusa meza ya kachumbari nayo ikalala, na mchungaji akabaki amesimama na sahani yake tupu mkononi.

Mjukuu wangu mdogo ndiye aliyesema kwanza, kwa Kiingereza chake, kwamba babu amegonga wali.

Nilikaa mle ndani nimeshika usukani, natamani uwanja ufunguke. Somchai ndiye aliyenijia. Akaweka kichwa dirishani, akatazama kiti, akatazama sufuria, akaniuliza polepole, "Rafiki, umewaambia habari ya kiti? Thailand usukani uko kulia. Kama kwenu."

Sikuwaambia. Injini nimesema, breki nimesema, ukuta nimesema, na hilo ambalo hata mtoto wa nyumbani analijua nikaliona halina haja ya kusemwa. Nikalisema sasa, kwa sauti ndogo, kupitia dirisha la gari ya mwenzangu.

Shemasi Mwadime akainama chini ya pikapu yake, akaivuta sufuria ikatoka imekuwa bapa. Alipoinuka akawageukia watu. "Kama Baba Wakesho na miaka yake yote amefanya hivi mahali tambarare," akasema, "dereva wetu kule kwenye zile kona atafanya nini?"

Kura ikapigwa palepale, na Shemasi mwenyewe akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nyeupe. Mama Mkamburi aliunyoosha wake ukiwa na kifuniko cha sufuria, ndicho pekee kilichopona. Tukala mkate.

Kwenye gari Wakesho alisema neno moja tu: "Baba, gazeti lilitosha."

Pikapu ilifika, na binti ya Mshai aliteremshwa nayo amekaa kitako kama bibi harusi, akajifungulia hospitalini. Barua ilipokuja niliipeleka mwenyewe kwa Mama Mkamburi. Akaisoma mara mbili, akafuta macho, akasema haya, basi wali wangu haukufa bure. Nikadhani nimesamehewa. Lakini ile sufuria bapa hajaitupa mpaka leo. Kila tukikutana anaiweka mbele yangu, mbali na meza ya chakula, niweke mifupa humo. Mimi naweka mifupa, na ufunguo wa gari ya mtu siombi tena.