Komeo la Nyuma ya Kiti

Kwa miaka thelathini Hawabai alishona nguo za wanawake katika chumba cha juu cha nyumba yao ya Mji wa Kale. Mwaka wa 1946, asubuhi moja akikunja shuka, kiharusi kilimpata. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, na ulimi ukawa mzito, maneno yakimtoka nusunusu.

Mwanawe, Najmuddin, alikuwa fundi bati mwenye karakana ndogo upande wa Makadara. Wiki ya pili mamake alijaribu kusimama peke yake, akaanguka, akapasuka kipaji cha uso. Najmuddin aliporudi aliiona ile damu mkekani. Alikwenda Shimanzi, akanunua magurudumu manne ya mkokoteni wa ghalani, akaunda kiti mle mle chumbani juu. Kilikuwa na mgongo wa mvule, mto wa pamba, na mbele ya kifua chuma cha kumzuia mkaaji asiporomoke. Chuma kilifungwa kwa komeo, na komeo lilikuwa nyuma ya mgongo, mahali ambapo Hawabai hakuweza kulifikia.

Watu walipanda ngazi kuja kukitazama. "Mashaallah, Najmuddin! Mama umemtunza!" Walibonyeza mto, wakainama kuona magurudumu, na Hawabai yumo ndani yake akiwatazama visogo.

Kizingiti cha mlango kilikuwa kirefu, kwa hiyo kiti hakikutoka chumbani. Aliyefungua komeo ni Firoza, mke wa Najmuddin: wakati wa kula, wa kulala, wa kwenda choo kilichokuwa mwisho wa ushoroba. Firoza akiwa jikoni, Hawabai alingoja. Alianza kunywa maji kidogo tu, asije akamsumbua mtu.

Mwezi wa Mei Firoza alikwenda matangani mtaa wa pili. Kabla ya kutoka alimsogeza mamamkwe dirishani apate hewa, akatia kabari chini ya gurudumu. Alikusudia kurudi upesi. Mvua ikaanguka kwa upepo, ikaingia dirishani moja kwa moja. Hawabai alivuta chuma kwa mkono wa kushoto, akakisukuma, akajaribu kukitelezesha chini hadi mapajani. Hakikwenda popote. Katika nyumba ya ng'ambo ya kichochoro, jirani yao Mwanaesha alitokeza kichwa kufunga mbawa za madirisha yake. Hawabai akapaza sauti. Kilichotoka ni mngurumo tu.

"Alhamdulillahi, Bi Hawabai!" Mwanaesha akamjibu, akimpungia mkono. "Mvua ya kheri hini!" Akafunga dirisha.

Firoza alimkuta amelowa chapachapa, nguo zimemgandama, anatetemeka. Homa ilimshika siku sita. Siku ya saba aliomba kitu, na Firoza alihangaika mpaka akaelewa ni mkasi.

Najmuddin hakutaka. "Atajikata."

"Ni mkasi wake," Firoza akasema, akampa.

Hawabai aliweka gazeti mapajani, akalibana kwa ule mkono uliokufa kama anayebana kwa jiwe, akakata kwa mkono wa kushoto. Mkasi ulikuwa wa mkono wa kulia na ulimwumiza vidole. Ilimchukua siku mbili. Vipande vilivyotoka vilikuwa vya ajabu: mkanda mfupi, mkanda mrefu sana, na pembe mbili nene za karatasi iliyokunjwa.

"Maskini, yuwadhani anashona," Najmuddin alisema kwa huzuni.

Lakini Firoza alijifunza ushonaji kwa mamamkwe huyo huyo. Alijua kuwa Hawabai hukata kialama kidogo kwenye kipande cha mbele ya nguo, fundi asikosee mbele na nyuma. Akauinua ule mkanda mfupi. Ulikuwa na kialama, upande wa kushoto.

"Huu ni chuma cha kifua," alisema polepole. "Komeo alitaka liwe mbele, hapa, mkono wa kushoto. Sivyo, mama?"

Hawabai alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka. Mkanda mrefu ulikuwa kamba ya kushikilia ukutani mpaka chooni. Pembe mbili zilikuwa mbao za mteremko, moja kila upande wa kizingiti.

Najmuddin alikaa kitako mkekani. "Na ukianguka tena, mama?"

Hawabai alikusanya ulimi wake muda mrefu. "N'taanguka," alisema. "Mimi."

Siku ya nne Najmuddin alikifungua kile chuma kutoka kitini, akakipeleka karakanani. Komeo la kwanza lilikuwa gumu kwa vidole vyake, Hawabai akalikataa. La pili lilifunguka lenyewe. La tatu lilikuwa na mpini mrefu wa mti, wa kusukumwa hata kwa kiwiko, na hilo alilifungua na kulifunga mara kumi mbele yao, bila kucheka.

Kamba na mbao za mteremko nazo zikawekwa, na mwezi wa Agosti Hawabai alianguka kweli, karibu na choo. Najmuddin alitaka kulirudisha komeo nyuma. Hawabai aliushika mpini, hakuuachia mpaka mwanawe alipotoka chumbani.

Ngazi ndizo zilizowashinda. Zilikuwa wima, zimejipinda mara mbili, nyembamba hata mtu mnene hupita ubavu. Najmuddin alizipima mara tatu kwa kamba, akapiga hesabu za kapi na reli, na kila mara pale penye kona kiti hakikupita. Siku ya Idi wanaume wawili walimshusha mikononi kama gunia, shela likimteleza, akiona dari badala ya watu. Alikaa barazani saa moja, akasalimiwa na kila mtu, wakamrudisha juu.

Idi iliyofuata walipanda tena kumchukua. Walikuta kiti kimeegeshwa dirishani, na Hawabai amefunga chuma mwenyewe.

"Twende, mama," Najmuddin alisema. "Watu wakungoja."

"Tengeneza ngazi," alimjibu. "N'tashuka."

Wanaume wale wakashuka bila yeye.