Jiwe letu la majina lilivyolazwa kifudifudi chemchemini Manga

Wakuu, salamu kutoka milimani.

Nimesoma humu mkibishana kama old boys wa shule za misheni wamewahi kufanya lolote zaidi ya kula pilau na kupiga picha. Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, lakini hili nililiona. Palipo na namba nilihesabu mara mbili, na palipo na tundu kwenye kumbukumbu nitasema kuna tundu.

Ni mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa kumi na mmoja, wote tumepita kwa mapadri. Wengi walimu, makarani wawili, na mimi mnunuzi wa ndizi wa kuzunguka masoko, Birongo leo, Magwagwa kesho.

Tukaamua kujengea watu chemchemi iliyo chini ya kilima chetu, Manga.

Mamangu alichota hapo. Ng'ombe nao walikunywa hapo hapo. Msimu uliotangulia tulizika watoto wawili wa jirani kwa ugonjwa wa tumbo. Wawili. Hao pia niliwahesabu mara mbili, nikitamani nimekosea.

Afisa wa maji alitupa sharti moja: Jumatatu anapita na lori la mabomba. Akikuta ukuta wa mawe umesimama, anashusha. Asipokuta, lori linaendelea kwa wengine.

Basi tukapanga kazi Jumamosi. Tangazo likatoka, kijiji kizima kije.

Jumamosi asubuhi tuko pale, mashati yamepigwa pasi. Saruji mifuko sita. Na jiwe laini la kutoka Tabaka, limechongwa jina la shule na majina yetu yote. Chairman wetu, Paulo, alilipakata kwenye basi kama mtoto mchanga.

Hakuja mtu.

Halafu tukawaona wakiteremka njiani, familia baada ya familia, wamevaa nguo safi, Biblia kwapani. Mbele yao Mzee Ombati, fundi pekee wa mawe upande ule, na pia mzee wa kanisa.

Wakuu, upande ule wa kilima karibu wote ni Wasabato. Tulijua tangu tukiwa watoto. Lakini ukikaa bweni miaka minne na Wakatoliki watupu, unasahau Jumamosi ni siku ya nani.

Ombati akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Kilatini mlifundishwa," akasema. "Siku za wiki je?"

Wanawake nyuma yake wakacheka mpaka vitambaa vya kichwa vikalegea.

Nikamkimbilia. "Tata, tuelewane kidogo." Tata ndivyo tunavyomwita mwanaume wa rika la baba.

"Leo sifanyi biashara."

"Si biashara, ni maongezi."

"Basi ongea ukitembea. Sichelewi ibada kwa ajili yako."

Nikaongea nikitembea. Nikamwomba aje jua likizama. Akasema hajengi asichokiona. Nikamwomba kesho.

"Kesho ni Jumapili yenu," akasema. "Padri wenu hatawakemea?"

"Padri niachie mimi. Wewe niletee watu."

Akahamishia Biblia kwapa la pili. "Nitawaleta alfajiri. Leo nyinyi mbebe mawe kutoka kule juu. Mia tatu. Na lile jiwe la majina lilale kifudifudi, akina mama watue vyungu juu yake."

"Tata, hilo ni la ukumbusho. Tuliweke pembeni kidogo."

"Yaya." Kwetu hiyo ni hapana.

"Majina yaonekane nusu tu?"

"Nusu ipi? Tuanze kukata jina la nani?"

Nikapiga hesabu. Kijiji kizima kwa jiwe moja. Katika maisha yangu ya kununua na kuuza sijapata bei kama hiyo, tena bila kutoa senti. Nikakubali kabla hajaibadilisha.

Paulo hakunisemesha mpaka jua likazama. Lakini alibeba. Sote tulibeba, mashati yakawa matambara. Mawe mia tatu na kumi. Kumi ni nyongeza yangu, maana fundi hakosi kusema moja limepasuka.

Padri naye akakubali kutusomea Misa mapema. Nilimwomba aifanye fupi, na kweli mahubiri yalikatika katikati.

Tulipofika chemchemini, ukuta uko magotini tayari! Wasabato wanapasiana mawe kwa mstari, wanaimba nyimbo zao, Ombati anagombeza kila mtu.

Nikahesabu watu: arobaini na watatu. Nikarudia: arobaini na wanne.

Huyo wa ziada alikuwa mamangu, jiwe kichwani, ambaye Misa hakuiona.

"Mama! Na Misa?"

"Nitaungama. Wewe beba."

Kufikia jioni ukuta ulikuwa kifuani, maji yanatoka mahali pamoja, masafi, na ng'ombe wako nje ya ukuta wakishangaa.

Jumatatu afisa akaja. Akabonyeza saruji kwa kidole, bado mbichi. Akatazama huku na huku akitafuta kibao.

"Nani wamejenga hapa?"

Paulo akafungua mdomo. Namjua Paulo, hotuba ilikuwa mfukoni.

Wakati huo huo mamangu akatua chungu chake juu ya jiwe letu lililolala kifudifudi, kishindo kikasikika.

Paulo akafunga mdomo, akaufungua tena. "Watu wa hapa," akasema.

Mabomba yakashushwa. Nilihesabu yote, mara mbili, yakitoka kwenye lori. Msimu uliofuata, upande wetu, hatukuzika mtoto kwa tumbo. Hiyo hesabu sikuirudia, niliogopa kuiharibu.

Nilichojifunza: ukitaka kurudisha shukrani kijijini, uliza kwanza wenyewe wana nafasi lini. Na jina lako likilala chini ya chungu cha mamako, limefika pazuri.

Haya, wakuu. Kwenu old boys walifanya nini, na walikosea siku gani? Wasabato wa humu, nanyi semeni. Nasoma zote, polepole.