Maziwa ya Kocha

Harufu ya maziwa ya ngamia yenye moshi hunirudisha uwanja wa Kiwanjani, siku kocha wetu wa zamani alipokuja na timu yake mpya kutoka Oldonyiro. Kabla ya mechi alitupitishia kikombe sisi watoto, kama alivyozoea.

"Wewe, usinywe maziwa ya msaliti," shabiki wetu mmoja aliniambia.

"Kunywa, mtoto wangu," kocha akasema.

Nilijua kwetu maziwa hayamwagwi chini. Nikayamwaga miguuni pake. Mashabiki wakacheka, wakanipigia makofi, nami nikajiona shujaa.

Kocha aliinama, akaufunika ule unyevu kwa vumbi, polepole, kwa kiganja chake. Halafu akaniuliza, bila hasira, kama mama yangu, aliyekuwa ameugua, ameanza kutembea tena.