Fungu la Taa

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu picha za minara ya taa ya huko duniani. Mirefu, myeupe, mingine ina mistari myekundu, na mawimbi yanaipiga chini. Akasema siku hizi nahodha anaangalia simu tu, na mingi imegeuzwa nyumba za wageni. Niliitikia. Picha haina harufu, lakini pua yangu ilijaa mafuta ya taa palepale.

Mnara wetu haukuwa mzuri, nisiwadanganye. Ulikuwa vyuma na ngazi juu ya mawe, karibu na mwalo wa Kibirizi, pale boti za uvuvi zinapofikia kutoka ziwani, na juu yake taa ya mafuta ndani ya kioo. Baba ndiye aliyeiwasha jioni na kuizima asubuhi, kisha akabaki kulekule akifuta masizi kwa gazeti mpaka jua limpige mgongoni. Chai akiikuta imepoa, aliinywa hivyohivyo.

Wavuvi wa dagaa walikuwa na desturi yao. Kila boti iliyorudi salama ilitoa konzi moja ya dagaa kwa mtunza taa, wakaiita fungu la taa. Haikuwa malipo, na ole wako uiite malipo mbele ya baba. Kuipokea ilikuwa kazi yangu, binti wa miaka tisa mwenye mdomo mrefu. Nilishuka na bakuli la bati, shikamoo huku, shikamoo kule, nikarudi limejaa mpaka dagaa wengine wanamwagika njiani.

Kisha wakaja watu na taa ya jua. Waliifunga juu ya mnara asubuhi moja tu, ikawa inawaka yenyewe giza likiingia. Baba akaambiwa apumzike. Alisema asante, akawapa mkono, na tangu kesho yake akawa anapanda kila asubuhi kufuta kioo cha taa ya zamani isiyowashwa tena. Nyumbani mama alisonga ugali kama kawaida.

Boti zikaanza kusahau, kwanza mbili, halafu nne. Asubuhi moja nilipita mwalo mzima na bakuli tupu mpaka kwa Mzee Hamisi, mwenye boti aliyekuwa akitoa konzi ya kwanza siku zote. Hakuwa mtu mbaya. Aliniangalia, akaliangalia bakuli.

"Mjukuu wangu, taa sasa inawashwa na jua," alisema. "Fungu tumpe nani?"

Sikuona hasira wala aibu. Niliwaza jambo moja: baba asijue. Akiliona bakuli tupu ataelewa kwamba hahitajiki tena, na mimi sikutaka kumpelekea habari hiyo kwa mikono yangu. Kina mama walikuwa wameanua dagaa wao mchangani. Nikainama, nikaokota walioachwa, mmoja mmoja, hadi bakuli likafika nusu.

Niliokota hivyo msimu mzima. Niliwaosha ziwani, lakini mchanga wa Kibirizi haujui kuaga. Baba alikula. Nilisikia ukilia menoni mwake, kra, kra, naye anatazama ukuta.

"Bado wanatukumbuka," alisema siku moja.

"Wanakusalimu," nikamjibu.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, nikajiona mjanja kweli.

Baba alifariki nikiwa mtu mzima, tumeshahamia mtaa wa Katubuka. Sikulia. Nilipokea wageni, nikagawa chai, nikaulizwa kama nimekula nikasema ndiyo. Siku ya tatu, tukiosha vyombo na mama, nikamsimulia habari ya wale dagaa, ili tu nimwambie mtu.

Mama hakuinua uso. "Alikuona tangu siku ya kwanza," alisema. "Kule juu mwalo wote unaonekana. Alirudi akaniambia, mtoto anaokota dagaa mchangani, usimuulize."

Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye niliyekuwa namlinda. Kumbe kila asubuhi, mtu asiyekuwa na taa ya kuwasha, alikaa kule juu akinitazama nikiinama na kuinuka. Kisha alishuka, akanawa, akala mchanga wote ule, nisije nikajua kwamba amejua.

Nilisuuza sahani ileile mpaka mama akaniondolea mikononi.