Zimebaki Mbili

Hili lilinitokea mimi, sikusimuliwa, na miguu iliyokimbia ni hii hapa. Wakati ule Newala nzima ilivuma kwamba kiwanda chetu cha korosho kinabinafsishwa, yaani mashine zinatiwa nafsi za watu. Niliamini kabisa. Tena ni mimi niliyewafafanulia wenzangu, maana nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni. Bi, nafsi, sha: nani angenibishia?

Enzi zake, king'ora cha kiwanda kile kiliamsha watu mpaka Mnyambe, na majogoo wa Masasi wakaacha kazi. Kisha mashine zikanyamaza, popo wakahamia. Mke wangu, Mama Zainabu, mbanguaji hodari wa korosho, akawa anabangulia nyumbani, mafuta ya maganda yakimbabua vidole. Aliposikia mwekezaji anaandikisha watu, akajifunga kanga akaenda. Nilipojua, nikamfuata mbio nikamtoe.

Nilimkuta kwenye foleni ya wanawake, ndani ya ukumbi wenye giza ingawa ilikuwa saa nane mchana. Niamini, mbele yao lilisimama jitu jeupe: nywele nyeupe, kope nyeupe, midomo tu ndiyo myeusi. Nyuma yake mashine ikinguruma bila mtu. Nikatoa shikamoo kulijaribu, maana jini gani huitikia marahaba? Hili likaitikia! Kisha likatangaza, sauti kama ya kisimani:

"Zimebaki nafsi mbili."

Na mke wangu alikuwa wa pili.

Nikambeba. Mama Zainabu si mwepesi, lakini siku ile niliona nimebeba gunia la pamba. Wanawake wakatuzomea mpaka getini: "Baba Zainabu anatorosha mke wake mwenyewe!" Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, jirani yetu Mama Hadija, akasogea mbele, akafanya kazi misimu mitatu, hadi mwekezaji alipofunga akageuza kiwanda kuwa ghala. Misimu yote hiyo mke wangu alibangulia jikoni. Hadi leo nikipita sokoni naulizwa kama nafsi yangu nimeifungia sandukuni.

Kwa hiyo wewe uliyesoma kidogo kama mimi, neno ukilijua nusu, usilifundishe zima.

Mimi, baada ya mbio zile, nilinyimwa salamu nyumbani siku saba. Ya nane Mama Zainabu alininyooshea vidole vilivyobabuka, akasema taratibu:

"Baba Zainabu, yule alikuwa fundi, katoka kuzoa majivu ya tanuri. Na alisema nafasi. Nafasi mbili za kazi."